Mgeni wa Kila Jumapili

Ndunge alikuwa amepiga deki mara mbili na bado lile doa lilikuwa kavu.

Veranda nzima ilikuwa imelowa, kuanzia mlango wa vestri hadi nguzo ya mwisho, saruji imekuwa nyeusi kwa maji. Lakini pale ukutani, chini ya dirisha la tatu, palibaki peupe, parefu kama mtu aliyelala ubavu. Kichwa huku, miguu kule, magoti yamekunjwa kidogo. Alijua sababu. Mtu akilala mahali pamoja mwaka mzima, mafuta ya mwili wake huingia kwenye saruji, na saruji ikishiba mafuta hainywi maji tena. Hakuna uchawi. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi alipitisha tambara mahali pale akiwa amegeuza uso.

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya Julai, na Thika ilikuwa na ile baridi yake isiyopiga kelele. Hainyeshi, haivumi. Inakaa tu mifupani kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Wiki sita nyuma, kamati ya kanisa pale Ngoingwa ilikaa ikazungumzia veranda. Waumini walikuwa wakiruka watu waliolala hapo wakiingia kwenye ibada ya asubuhi. Kulikuwa na harufu. Kulikuwa na vigae vipya vinakuja. Hakuna aliyesema watu wafukuzwe. Neno hilo halikutamkwa, maana ule ulikuwa mkutano uliofunguliwa kwa sala. Iliamuliwa tu kwamba veranda ioshwe kila siku saa kumi na moja jioni, ndoo nne za maji yenye dawa, na mwoshaji asiwe na haraka ya kukausha. Ndunge ndiye aliyekuwa mtunza kanisa. Alilala na binti yake Mwendwa katika chumba kimoja nyuma ya jiko la kanisa, na chumba kile kilikuja na kazi, na kazi ilikuja na ndoo. Akaosha.

Jioni ya kwanza walisimama kando na magunia yao wakidhani ni usafi. Jioni ya tatu wakaelewa. Wengine waliondoka wakitukana. Mzee Musembi aliondoka wa mwisho, na hakutukana. Alikunja kadibodi yake iliyolowa akaiweka kwapani.

"Fanya kazi yako, mwiitu wa mwaitu," alimwambia. "Si wewe."

Mwiitu wa mwaitu, kwa Kikamba, ni binti wa mama yangu. Afadhali angemtukana.

Gari liliingia getini likapiga honi mbili. Lilikuwa la Magdalene, katibu wa kanisa, mwanamke mnene wa umbo na mwepesi wa miguu, ambaye hakuwahi kuingia mahali bila kutangulizwa na sauti yake.

"Ndunge! Sister! Njoo unisaidie, blanketi zimeniua!"

Ziliteremshwa blanketi arobaini, kila moja na utepe mwekundu na jina la kanisa limeshonwa pembeni. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Huruma. Bango lilikuwa limeshatundikwa mbele: BLANKETI AROBAINI, MIOYO AROBAINI. Askofu alikuwa anakuja. Mpiga picha alikuwa anakuja. Waliokuwa hawajapatikana ni wa kufunikwa.

"Si wale vijana wa stendi watakuja?" Ndunge aliuliza.

"Wale watajaza viti vya nyuma. Lakini wale wa mbele, wa kupokea kwa mkono wa Askofu! Unataka chokoraa anuse gundi mbele ya baba Askofu? Ngai! Hapana. Mimi namtaka yule mzee wako."

"Mzee wangu yupi?"

"Wacha kujifanya. Musembi. Yule mgeni wa kila Jumapili." Magdalene alicheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu kumsamehe.

Katika kanisa lile, kama katika mengi ya Thika, kabla ya mahubiri wageni husimama. Mgeni hutaja jina na anakotoka, husema Bwana asifiwe, hupigiwa makofi, na baada ya ibada hupelekwa vestri, chumba cha wachungaji, kunywa chai ya wageni: chai ya maziwa, mkate uliopakwa siagi kweli, si kuonyeshwa siagi. Mshiriki hagusi chai hiyo. Musembi alisimama Jumapili yake ya kwanza akanywa chai. Ya pili akasimama. Ili uwe mshiriki ulihitaji barua kutoka kanisa ulikotoka, naye hakuwa na barua. Basi kwa kanuni za kanisa lenyewe alikuwa mgeni, na mgeni ana haki ya kusimama. Alisimama Jumapili arobaini na nane, kwa maneno yaleyale:

"Bwana asifiwe. Naitwa Musembi wa Kaveke. Natoka Mugutha, kwa Janice, nyuma ya tangi la maji. Nafurahi kuwa nanyi leo."

Leo, alisema, kana kwamba usiku hakuwa amelala hapo nje, ukuta mmoja na mimbari.

Siku moja mchungaji akatania kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanisa zima likacheka. Musembi hakucheka. Jumatatu asubuhi alibisha mlango wa Ndunge akaomba jembe, na tangu siku hiyo akawa anapalilia maua ya kanisa, mstari kwa mstari, mpaka maji yalipoanza.

"Sister Magdalene," Ndunge alisema akiwa na blanketi nane kifuani, "si hawa watu ndio tuliwafukuza?"

"Tuliwafukuza? Nani alifukuza mtu? Sisi tulisafisha nyumba ya Bwana." Alifunga buti la gari. "Umtafute leo. Aoge, avae ile sweta ya kwaya nilimpea Krismasi. Yule anajua kuketi kanisani, hawezi kutuaibisha. Akiwa hapa saa mbili na nusu kesho, Mungu atakubariki."

*

Stendi ya bodaboda ilikuwa hatua hamsini kutoka getini. Mwas alikuwa amekaa kando kando juu ya pikipiki yake akila muhogo wa kuchoma.

"Mama Mwendwa, sasa?"

"Poa. Umemwona Mzee Musembi?"

Mwas aliacha kutafuna. "Msee wa jembe?"

"Huyo."

"Si alihamia huko chini, mto Chania. Kuna nyumba ya mawe hapo karibu na maji, haijaezekwa, walikuwa wanalala ndani." Aliufunga muhogo kwenye gazeti lake polepole. "Mathe, hawakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Wiki jana, Alhamisi. Nilikuwa nimebeba customer nikapita hapo. Polisi walikuwa wamekuja na Landrova. Uso sikuona, walikuwa wameshafunika. Niliona sweta tu. Ile ya maroon, ya kwaya."

"Walimpeleka hospitali?"

Mwas alimtazama, kisha akatazama barabara. "Walikuwa wanaenda pole pole, mathe. Hawakuwa na haraka."

Akampeleka mochari bila kumwambia nauli, na Ndunge hakuiuliza.

Mhudumu wa mochari aliitwa Eddie. Jina lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye gamboti zake, moja ED, nyingine DIE, yaani kufa kwa Kiingereza, na haikujulikana kama aliyeandika alikuwa anatania. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuongea mahali ambapo hakuna anayejibu. Alipitisha kidole kwenye kitabu kikubwa.

"Musembi hakuna."

"Aliletwa Alhamisi. Kutoka Chania."

"Wa Chania wapo. Lakini hana jina, huyo. Niko na wasiojulikana watano." Alifunga kitabu. "Uko sure unataka kuangalia?"

Alikuwa na hakika. Alipoonyeshwa hakikuwa kile alichoogopa. Musembi alikuwa ametulia, midomo imefumbwa, kidevu kimeinuka kidogo, kama anavyokaa mtu kwenye benchi akingoja kuambiwa sasa wageni wasimame. Viganja vyake vilikuwa na sugu mbili za mpini wa jembe. Kwenye dole gumba la mguu kulikuwa na plasta nyeupe, na juu yake kalamu ilikuwa imeandika: MME, HAJULIKANI, CHANIA.

"Aliuawa na nini?"

"Mapafu. Na baridi. Alikuja akiwa amelowa chapachapa. Sijui siku hiyo kulinyesha?"

"Hakukunyesha," Ndunge alisema. Alijua kwamba pale chini maporomoko ya mto hutupa manyunyu usiku kucha, na nyumba isiyo na paa huamka imelowa hata mwezi wa ukame. Alijua pia kwamba alikuwa anatafuta maji mengine ya kulaumu. "Anajulikana, huyu. Anaitwa Musembi wa Kaveke. Andika."

"Mathe, wewe unamjua. Serikali haimjui." Eddie alimfunika mzee, si kwa haraka. "Korti ilishapeana ruhusa. Jumatatu asubuhi wasio na wenyewe wanaenda makaburini. Shimo ni moja, tinga inachimba, tinga inafukia. Akipata jina anatoka kwa hiyo orodha, anapewa kaburi yake na kibao. Ada si neno, afisa wa jamii atasamehe. Shida ni jina."

"Si ndilo nimekupa."

"Jina linakuja na karatasi. Mtu wa familia na kitambulisho. Ama taasisi, chifu, shule, kanisa. Barua iko na muhuri, inasema tunamjua. Na chifu leo Jumamosi humpati. Mimi nafunga saa kumi. Kesho siko."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Ndunge alipiga simu akiwa nje, karibu na bomba lililokuwa likidondoka. Alisogea mbali na bomba.

"Umempata?" Magdalene aliuliza. Nyuma yake viti vilikuwa vikiburutwa.

"Nimempata."

"Utukufu kwa Mungu! Anaweza kuja?"

"Hawezi, sister. Amekufa. Yuko mochari."

Viti viliendelea kuburutwa. "Woi. Woi, maskini. Mungu amrehemu." Alivuta pumzi. "Kwa nini sasa, kesho ikiwa Jumapili ya Huruma?"

Ndunge alimweleza habari ya barua. Mistari miwili tu, na muhuri. Magdalene alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa msikilizaji mzuri.

"Sister, nisikie. Barua ya mazishi ni ya mshiriki. Huyu hakuwa mshiriki. Nikiandika, baraza litaniuliza, na wataniuliza alikuwa analala wapi, na aliondoka aje. Unaelewa? Hiyo maneno ikianza leo, kesho tutamwangalia Askofu aje? Wacha tumalize Jumapili. Wiki ijayo tutaileta kwa kamati."

"Wanamzika Jumatatu. Na watu wanne, shimo moja."

"Mbinguni hakuna shimo, Ndunge. Mtafute mwingine wa kuketi mbele. Na usisahau majani ya chai."

*

Mugutha ilikuwa imeota maghorofa. Palipokuwa na mahindi palikuwa na nyumba za orofa nne zenye nguo zilizoanikwa kila roshani. Lakini tangi la maji lilikuwepo, jeusi, juu ya nguzo zake za chuma, na nyuma yake lango la mabati lililopakwa rangi ya samawati. Ndunge alikuwa amesikia maelekezo yake mara arobaini na nane. Hakuuliza mtu njia.

Aliyefungua alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya povu. Alikuwa na kidevu kilekile cha kuinuka.

"Wewe ndiye Janice?"

"Ndiyo, auntie. Unauza nini?"

"Siuzi. Nimekuja kwa sababu ya baba yako, Musembi."

Povu lilidondoka chini. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akishangilia mpira kwenye televisheni. Janice alitoka nje akarudisha lango nyuma yake.

"Baba yangu alikufa zamani."

"Alikufa Alhamisi ya wiki jana."

Janice hakulia. Alijipangusa mikono kwenye leso yake kidole kimoja kimoja. "Auntie, ngoja nikuambie ndio usinihukumu. Huyo mtu aliuza shamba la Matuu, akalinywa lote. Mama tulimzika kwa shamba la jirani, tukiomba ruhusa. Mimi niliolewa nikisema ni yatima. Mjomba ndiye alisimama kama mzazi. Mume wangu anajua hivyo, wakwe wanajua hivyo, watoto wanajua hivyo."

"Sijaja kukuhukumu."

"Hapa hajawahi kulala hata siku moja. Alikuja mara moja, mwaka jana. Akasimama hapo ulipo. Nikamwambia ngoja nakuja. Nikaingia ndani, nikafunga mlango." Aliikunja leso. "Akangoja mpaka taa zikawashwa."

Ndunge alitazama chini, kwenye changarawe alizokuwa amesimama juu yake.

"Kila Jumapili," alisema, "kanisani walipouliza wageni, alisimama akasema anatoka Mugutha, kwa Janice, nyuma ya tangi la maji. Mwaka mzima. Mimi sikujua njia ya huku, ni yeye alinileta."

Janice alifunika mdomo kwa leso yenye povu. Bao lilifungwa, televisheni ikapiga kelele, mwanamume akaita, "Mama Brayo! Kuja uone!"

"Alikuwa bado anakunywa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"La. Alikuwa anapalilia maua."

"Siwezi kuja, auntie. Kumfufua leo ndio nimzike kesho kutwa? Nitaanzia wapi?" Alishika lango. "Ngoja. Ngoja nakuja."

Aliingia. Ndunge alisikia komeo. Akangoja, maana alikuwa ameambiwa angoje, na akiwa amesimama pale aliona kwamba palikuwa mahali pazuri pa kungojea. Kivuli cha tangi kilifika, upepo haukufika, na mtu akiinua macho angeweza kuona pazia la dirisha la jikoni likitikisika kila mara aliye ndani alipokaribia kuchungulia. Mtu angeweza kungoja hapo muda mrefu sana akiamini. Yeye aliamini dakika ishirini. Kisha akaangalia saa kwenye simu yake akarudi Thika.

*

Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi alipofika, sauti ya nne imepotea kama kawaida. Magdalene alikuwa mbele akipanga viti vya wapokeaji, vitano, akivifunga utepe. Ndunge alipita nyuma akafungua ofisi.

Alijua kila kitu mle ndani kwa vumbi lake. Karatasi zenye jina la kanisa zilikuwa droo ya pili. Muhuri ulikuwa droo ya kwanza, ndani ya kopo la biskuti, na wino wake. Aliketi kwenye kiti cha katibu. Hakuwahi kukiketia, na alishangaa kwamba kilikuwa kibovu.

Alikuwa amekusudia kuandika jinsi barua zile huandikwa. Hii ni kuthibitisha. Mshiriki mwaminifu. Alikuwa amepangusa nakala zake za kutosha kuzijua kwa moyo. Aliandika tarehe kwa mwandiko wake wa darasa la nane, mzuri, wa kuegemea kulia. Kisha mkono ukakataa uongo wa kwanza, na ulipoukataa huo ikawa kazi rahisi.

Akapiga muhuri. Akaupuliza ukauke, akarudisha kopo mahali pake, akapangusa meza.

Saa kumi kasorobo Eddie alikuwa ameshavua gamboti moja. Alipokea barua akaisoma amesimama kwa mguu wenye soksi. Aliisoma tena. Mara ya pili aliisoma kwa sauti, polepole:

"'Kwa mkuu wa mochari. Sisi kanisa tunamjua marehemu. Jina lake ni Musembi wa Kaveke. Alisali kwetu Jumapili arobaini na nane, na zote tulimwita mgeni. Alilala kwenye veranda yetu. Tulimwaga maji mahali alipolala kila jioni, wakati wa baridi, ili aondoke, naye akaondoka. Hana mwingine wa kumjua. Tunaomba apewe jina lake na kaburi lake mwenyewe.'" Akainua macho. "Mathe. Nani ameandika hii?"

"Iko na jina la kanisa."

"Naona. Zingine huwa zinasema mshiriki mwaminifu, Mungu alimpenda zaidi."

"Hakuwa mshiriki."

Eddie alikuna shingo. "Lazima nipige simu kwa hii namba iko juu. Ni utaratibu, siwezi ruka."

"Piga."

Alipiga, akaweka spika, maana alikuwa na kalamu mkono wa pili. Magdalene alipokea kwa Bwana asifiwe. Eddie alijitambulisha, kisha akasoma barua yote, neno kwa neno, na sauti yake ya chini ikaigeuza kuwa kama tangazo. Nyuma ya Magdalene kwaya iliimba ubeti mzima. Mlango ulifungwa na wimbo ukakatika.

"Hiyo karatasi iko na muhuri wetu?"

"Iko, madam. Ukisema si yenu, naipeleka polisi kama barua bandia, na nyinyi mtaandika taarifa. Ukisema ni yenu, naiweka kwa faili."

"Hiyo faili inakaa wapi?"

"Hapa. Kwa kabati."

"Na ni nani huisoma?"

Eddie alitazama kabati, kuukuu, kufuli lake limeshika kutu. "Kusema ukweli, madam, hakuna mtu."

Ndunge hakuwa akiomba. Alikuwa akisikiliza pumzi za mwanamke ambaye hakuwa mbaya zikienda huku na huku.

"Basi tunamjua," Magdalene alisema. "Iweke kwa faili. Na Ndunge najua ako hapo. Mwambie funguo, ya ofisi na ya chumba, aniwekee mezani kesho. Lakini baada ya ibada. Chai ya Askofu ni yeye anapika."

Simu ikakatika. Eddie alikata plasta mpya, akaiweka juu ya meza, akamwomba amtajie jina tena. Ndunge alimtajia. Eddie aliandika kwa herufi kubwa, ikabidi apinde mstari ili wa Kaveke itoshee, akaenda akabandika mwenyewe. Alipata pia namba ya kaburi. Aliiandika nyuma ya kiganja cha Ndunge, kwa kuwa karatasi ilikuwa imekwisha.

Ndunge alikuwa ameshafika mlangoni, akifikiria Mwendwa na mahali pa kuweka vitanda viwili kesho jioni, Eddie alipomwita.

"Mathe. Hawa wengine wanne. Hebu waangalie, kwa vile unajua watu."

Angeweza kukataa. Saa kumi ilikuwa imepita. Alirudi.

Wa kwanza alikuwa kijana, hakumjua. Wa pili hakumjua. Eddie alifunua wa tatu.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele fupi zenye mvi, kovu la moto kwenye kiwiko. Ndunge alilijua kovu lile. Jioni ya kwanza ya maji mwanamke huyu alikuwa amesimama na wenzake akitazama, na kwa kudhani ni usafi tu alikuwa amesogeza gunia lake, akachukua fagio la pili lililoegemea ukutani, akamsaidia kusukuma maji. Hapa umeacha, mama, alisema. Na hapa. Waliosha veranda pamoja mpaka nguzo ya mwisho, na Ndunge alimwambia asante, bila kumwuliza jina.

"Huyu unamjua?" Eddie aliuliza.

"Namjua."

Eddie alikata plasta, akaing'oa karatasi yake, akatoa kifuniko cha kalamu kwa meno.

"Anaitwa nani?"